Sauti na picha zaupa ujumbe wa simu uhai, lakini asili yake isipotee

KWA muda mrefu, mawasiliano ya kielektroniki yalikuwa maandishi matupu. Barua pepe ilifika bila sauti ya mwandishi wake, nayo arafa ya rununu ilibanwa katika herufi 160, nafasi na alama za uandishi zikiwemo.

Siku hizi, mkazi wa Nakuru, Njoro, Molo au Naivasha aliye na simu yenye intaneti huweza kurekodi maneno yake mwenyewe, akapiga picha ya jambo analolizungumzia, kisha akayatuma yote mawili kwa wakati mmoja. Anayepokea husikia furaha, hofu au hasira ya msemaji, na huona kwa macho yake kile ambacho angelazimika kukikisia.

Mabadiliko hayo yamewafaa hasa watu ambao maandishi hayakuwafaa vyema: mzee asiyejua kusoma, mkulima asiye na jina la ugonjwa ulioingia shambani mwake, na kiziwi ambaye lugha yake ni ya mikono.

Hata hivyo, ujumbe wenye sauti na picha huaminiwa upesi kuliko maandishi. Ukiachana na mtu aliyeutoa, mahali ulikotoka na siku uliyotokea, nguvu yake haipungui, ila ukweli wake huwa shakani. Wakazi wa Bonde la Ufa wana sababu za kulizingatia jambo hili kuliko wengi.

Makala haya yanaeleza jinsi sauti na picha zilivyoingia katika mawasiliano ya simu, namna zinavyofanya kazi, manufaa yake katika eneo hili, na masharti ya kuzitumia bila kujidhuru au kuwadhuru wengine.

KINACHOPOTEA KATIKA MAANDISHI

Chukua neno moja tu la Kiswahili: 'umekula'. Likitamkwa kwa kiimbo kinachoshuka, huwa ni taarifa. Sauti ikipanda mwishoni, huwa ni swali. Likivutwa kwa namna fulani, huwa ni mshangao au hata lawama. Katika arafa, mwandishi asipotia alama ya kiulizo, msomaji hubaki akibahatisha.

Neno 'haya' nalo laweza kuwa kibali, kukata tamaa au onyo. 'Sawa' iliyoandikwa peke yake laweza kuwa jibu la moyo mkunjufu, au la mtu aliyechoka kubishana. Anayezungumza ana kwa ana hutofautisha maana hizo bila taabu, kwa kuwa sauti na uso humsaidia.

Kiswahili kina nafuu kwa sababu si lugha ya toni. Kikuyu, Kikalenjin na Kimaasai, ambazo ni lugha zinazosikika sana katika Bonde la Ufa la kati, ni lugha za toni. Kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadilisha maana ya neno lenye herufi zile zile.

Katika Kimaasai na Kikalenjin, toni hufanya kazi kubwa zaidi: huonyesha ni nomino ipi inayotenda na ni ipi inayotendwa katika sentensi. Tahajia ya kawaida ya lugha hizo haionyeshi toni. Msomaji mzoefu huijaza kichwani mwake akisaidiwa na muktadha, lakini ujumbe wa maneno matatu au manne mara nyingi hauna muktadha wa kutosha.

Ndiyo maana ujumbe wa sauti umependwa mno na wanaozungumza lugha za mama. Nyanya aliyeko Kuresoi hana haja ya kutafuta herufi za Kikalenjin kwenye simu. Hubonyeza kitufe akasema, na mjukuu aliyeko Nairobi humsikia kama alivyozoea kumsikia jikoni.

Juhudi za kuyapa maandishi uso zilianza mapema. Septemba 19, 1982, mtaalamu wa tarakilishi Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza kwamba mzaha utambulishwe kwa nuktambili, kistari na mabano, alama ambazo zikitazamwa kwa ubavu hufanana na uso unaotabasamu.

Nchini Japani, mnamo 1999, kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ilitoa seti ya vijipicha 176 vilivyochorwa na Shigetaka Kurita. Hizo ndizo miongoni mwa emoji za awali zilizoenea, na kuanzia 2010 zilipoingizwa katika viwango vya kimataifa vya Unicode, simu za kampuni mbalimbali zilianza kuelewana.

Emoji husaidia, lakini nazo zina utata. Mikono miwili iliyokutanishwa kwa mmoja ni dua, kwa mwingine ni shukrani, na kwa wa tatu ni ombi la mkopo. Sauti ya mtu haina utata wa kiasi hicho.

KUTOKA LONGONOT HADI MFUKONI

Bonde la Ufa lina nafasi ya pekee katika historia ya sauti na picha zinazosafiri mbali. Mnamo 1970, kituo cha ardhini cha mawasiliano ya setilaiti kilizinduliwa karibu na Mlima Longonot, kusini mwa Naivasha. Kupitia sahani zake kubwa, Kenya iliunganishwa na ulimwengu kwa simu na picha za runinga bila kutegemea tu mawimbi ya redio ambayo yalivurugwa na hali ya anga.

Wakati huo, hata hivyo, sauti na picha zilikuwa mali ya mashirika. Mwananchi wa kawaida alifika posta, akapanga foleni, akalipia dakika chache za simu. Picha aliituma ndani ya bahasha.

Barua pepe ya kwanza kati ya tarakilishi mbili kupitia mtandao ilitumwa na Ray Tomlinson nchini Marekani mnamo 1971. Kwa miaka ishirini iliyofuata, barua hizo zilikuwa maandishi kwa kiasi kikubwa.

Mwaka wa 1992 ulileta mageuzi mawili. Machi 11, Nathaniel Borenstein, mmoja wa waliobuni mfumo wa kuambatisha faili katika barua pepe pamoja na mwenzake Ned Freed, alituma barua iliyobeba picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne pamoja na sauti yao wakiimba. Kwa hivyo, kiambatisho hicho cha kwanza cha mfumo wao kilikuwa ni sauti na picha. Desemba 3 mwaka huo huo, mhandisi Neil Papworth alituma arafa ya kwanza nchini Uingereza, salamu ya Krismasi.

Nchini Kenya, arafa ndiyo iliyotangulia kuwafikia wengi. Kampuni za rununu zilipoanza kushindana mwaka wa 2000, bei ya simu za mkononi ilishuka, nayo arafa ikawa njia ya watu wenye kipato kidogo kuwasiliana. Uzinduzi wa M-Pesa mnamo Machi 2007 uliipa arafa heshima mpya, kwa kuwa fedha nazo zilithibitishwa kwa ujumbe mfupi.

Picha na sauti zilisubiri kasi ya intaneti. Hadi 2009, mawasiliano ya intaneti ya Kenya na nje yalitegemea setilaiti, ambayo ni ghali. Juni mwaka huo, Rais Mwai Kibaki alizindua mjini Mombasa kebo ya TEAMS iliyopita chini ya bahari, na mwezi uliofuata kebo ya SEACOM ikaanza kazi. Nyaya za nchi kavu zilipofika miji ya Bonde la Ufa, kutuma picha kulianza kuwa jambo la kila siku.

Programu ya WhatsApp, iliyoanzishwa 2009, iliongeza ujumbe wa sauti wa kubonyeza na kusema mnamo Agosti 2013. Simu za sauti zilifuata mwaka wa 2015, na simu za video Novemba 2016. Nakuru ilipopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021, sherehe hizo zilitazamwa na wengi kupitia vioo vya rununu zao.

NAMNA SAUTI NA PICHA ZINAVYOSAFIRI

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kinasa sauti cha simu hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, kisha simu hupima kiwango cha umeme huo mara nyingi kwa sekunde na kuandika vipimo kwa tarakimu. Katika simu za kawaida za kidijitali, vipimo 8,000 huchukuliwa kila sekunde. Programu maalumu huvibana vipimo hivyo ili visafiri kwa wepesi, na simu ya mpokeaji huvifungua tena kuwa sauti.

Ukubwa wa ujumbe ndio unaoamua gharama. Arafa moja ina baiti 140 tu. Sauti iliyobanwa kwa kasi ya kilobiti 16 kwa sekunde hutumia kilobaiti 120 kwa dakika moja, yaani zaidi ya mara 800 ya ukubwa wa arafa. Picha iliyopigwa kwa rununu ya kisasa huweza kufikia megabaiti kadhaa, nayo video ya dakika moja huwa kubwa zaidi.

Kwa sababu hiyo, programu nyingi hupunguza ukubwa wa picha kabla ya kuituma. Kwa picha ya arusi hilo halidhuru. Kwa picha ya jani lenye madoadoa madogo, upunguzaji huo huweza kufuta dalili yenyewe. Anayetaka picha ifike kamili huituma kama faili, au huchagua ubora wa juu pale programu inaporuhusu.

Jambo jingine lisilofahamika na wengi ni kwamba picha ya rununu huwa na taarifa zilizofichika ndani yake, kama vile saa na tarehe ilipopigwa, na pengine mahali. Programu kama WhatsApp huondoa taarifa hizo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Faida yake ni kwamba siri ya mtumaji hulindwa. Hasara yake ni kwamba picha hufika bila asili. Asili hiyo yafaa iandikwe au itamkwe na mtumaji mwenyewe.

MANUFAA SHAMBANI

Bonde la Ufa la kati ni eneo la kilimo. Njoro ina Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza 1939 kama shule ya kilimo, na kituo cha utafiti ambacho mizizi yake ni ya mwaka wa 1927, kinachojulikana duniani kwa kupima mbegu za ngano dhidi ya kutu ya shina. Aina hatari ya kutu hiyo, Ug99, ilitambuliwa nchini Uganda katika miaka ya 1998 na 1999, na tangu 2005 ngano kutoka nchi nyingi imekuwa ikipandwa Njoro ili kuona ipi itakayoistahimili.

Wataalamu wapo, basi, lakini wakulima ni wengi na afisa wa kilimo hawezi kufika kila shamba. Hapa ndipo picha na sauti hufupisha safari.

Fikiria mkulima wa viazi wa Molo au Mau Narok anayeona mimea yake ikilegea. Akiandika kwamba viazi vinakauka, mtaalamu hawezi kumsaidia, kwani maradhi mawili tofauti huweza kuelezwa kwa maneno hayo hayo.

Ugonjwa wa kwanza ni bakajani, unaoenea kunapokuwa na baridi na unyevu. Majani hupata mabaka ya rangi ya kahawia iliyokolea, na asubuhi yenye umande, upande wa chini wa jani huonekana utando mweupe kandokando ya baka. Ugonjwa huu hukabiliwa kwa dawa za kunyunyizia, mradi zitumike mapema.

Ugonjwa wa pili ni mnyauko wa bakteria. Mmea hunyauka ungali na majani ya kijani. Shina likikatwa na kuning'inizwa ndani ya glasi ya maji safi, baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa hushuka kutoka penye mkato. Ugonjwa huu hauna dawa ya kunyunyizia. Mkulima hung'oa mimea iliyoathirika pamoja na viazi vyake, huiharibu mbali na shamba, na hubadilisha zao kwa misimu kadhaa.

Picha moja ya shamba zima, iliyopigwa kutoka barabarani, haitofautishi maradhi hayo. Picha tatu hutofautisha: moja ya mmea mzima, moja ya upande wa chini wa jani, na moja ya shina ndani ya glasi ya maji. Sauti ya mkulima huongeza yale yasiyoonekana: alipanda lini, mbegu aliipata wapi, mvua ilinyesha kwa siku ngapi, na amekwisha kunyunyizia nini. Kosa la utambuzi humgharimu fedha za dawa isiyofaa, na msimu mzima.

Hali kadhalika, ugonjwa hatari wa mahindi unaoletwa na virusi viwili vinavyoshambulia pamoja uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya katika kaunti jirani ya Bomet, Septemba 2011. Maradhi mapya kama hayo hayana jina katika midomo ya wakulima yanapoingia. Picha huweza kumfikia mtafiti kabla jina halijapatikana.

Nchini Tanzania, mfano mzuri ulianza mapema 2011 katika kituo cha kilimo cha Chambezi, wilayani Bagamoyo. Mradi wa Sauti ya Wakulima uliwapa kikundi cha wakulima wanaume na wanawake rununu chache za kupokezana. Walipiga picha za mazao, wadudu na mbinu zao, wakaziambatisha na maelezo ya sauti, kisha wakazichapisha katika intaneti. Kila wiki walikutana kituoni kuzitazama na kuzisikiliza pamoja.

Funzo la Chambezi ni kwamba picha haikuachwa peke yake. Kila moja ilikuja na sauti ya mtu anayejulikana, kutoka shamba linalojulikana, na ilijadiliwa na watu waliokuwa na uwezo wa kumuuliza. Si lazima kila mmoja awe na simu ya bei ghali ili kikundi kinufaike.

Tangu 2018, programu iitwayo Nuru, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, imekuwa ikiwasaidia wakulima wa Afrika kutambua uharibifu wa viwavijeshi vamizi na maradhi ya mimea kwa kuelekeza kamera ya simu kwenye majani. Hufanya kazi hata pasipo intaneti na huweza kuzungumza Kiswahili. Bado, jibu la programu ni ushauri wa awali. Afisa wa kilimo hajapoteza kazi yake.

WASIOSIKIA NA WASIOONA

Kwa kiziwi, simu ya kawaida ilikuwa ni mlango uliofungwa. Arafa iliufungua kidogo, lakini lugha ya kwanza ya viziwi wengi nchini ni Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo ina sarufi yake na haiandikwi kwa urahisi. Kumtaka awasiliane kwa maandishi pekee ni kumtaka atumie lugha ya pili kila wakati.

Simu ya video imeleta tofauti kubwa. Mwanafunzi wa shule ya viziwi ya Ngala mjini Nakuru, aliye na simu yenye kamera, huweza kuzungumza na mwenzake aliye mbali kwa mikono na uso. Uso hapo si pambo: kuinua nyusi au kutikisa kichwa ni sehemu ya sarufi, mithili ya kiimbo kwa anayesikia.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeitambua lugha hiyo. Ibara ya 7 inaitaka serikali kuiendeleza, na Ibara ya 120 inaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kila njia humwacha mtu nje. Ujumbe wa sauti haumfai kiziwi, nayo picha isiyo na maelezo haimfai kipofu, ambaye simu yake huweza kumsomea maandishi kwa sauti. Anayetoa tangazo kwa kundi lenye watu wa kila namna, liwe la kanisa, msikiti, chama cha ushirika au wazazi wa shule, afadhali aweke sauti au picha pamoja na muhtasari wa maandishi.

FUNZO LA 2008

Wakazi wa Bonde la Ufa wanajua kwamba ujumbe wa simu huweza kuua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, ghasia zilizuka nchini, na mwishoni mwa Januari 2008 zikafika Nakuru na Naivasha. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote.

Arafa za uchochezi zilizunguka katika siku hizo. Nyingi zilikuwa za kusambazwa: aliyepokea hakujua aliyeandika, ila alijua aliyemtumia, na kwa kuwa huyo alikuwa ndugu au jirani, aliuamini ujumbe. Serikali iliwaonya wananchi dhidi ya kutuma na kusambaza arafa za aina hiyo.

Katika mwezi huo huo wa Januari 2008, kundi la Wakenya na marafiki zao, wakiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, walianzisha Ushahidi, tovuti iliyopokea taarifa za ghasia kupitia arafa na intaneti na kuzionyesha kwenye ramani. Tofauti baina ya taarifa hizo na arafa za uchochezi haikuwa teknolojia, kwani simu zilikuwa ni zile zile. Taarifa ya Ushahidi ilikuwa na mahali na siku, na wenye tovuti walijaribu kuithibitisha. Arafa ya uchochezi haikuwa na mahali, siku wala mwenyewe.

Ikiwa maandishi matupu yalitia watu hofu kiasi hicho, sauti inayolia au picha ya maiti hutia hofu zaidi. Picha ya mkasa wa nchi nyingine huweza kuletwa ikadaiwa ni ya kijiji cha karibu. Sauti ya mtu asiyejulikana, akisema ameshuhudia jambo kwa macho yake, huweza kuzunguka kwa siku nyingi bila yeyote kujua alikuwa nani na alikuwa wapi.

Mwaka wa 2019, WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja, na 2020 ikapunguza zaidi kwa ujumbe ambao tayari umesambazwa mara nyingi. Ujumbe uliosambazwa huwekewa alama. Alama hiyo haisemi kwamba ujumbe ni wa uongo. Inasema tu kwamba aliyekutumia siye aliyeutunga.

Katika majanga, jambo hili huwa na uzito wa pekee. Bwawa la Solai lilipopasuka usiku wa Mei 9, 2018, na mafuriko yalipoikumba Mai Mahiu alfajiri ya Aprili 29, 2024, picha na video ndizo zilizouonyesha umma ukubwa wa msiba. Katika saa kama hizo, picha yenye jina la kijiji na saa huweza kuwaelekeza waokoaji. Picha ya zamani isiyo na tarehe huweza kuwapeleka kusiko, au ikamfanya mama aliyeko mbali aamini kwamba nyumba yake imesombwa ilhali ingali imesimama.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 haikuishia kwenye maneno. Kifungu chake cha 13 kuhusu matamshi ya chuki kinahusu pia kusambaza au kuonyesha rekodi za picha. Adhabu ni faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 ilipopitishwa iliharamisha, miongoni mwa mengine, uchapishaji wa taarifa za uongo kwa makusudi na usambazaji wa picha za faragha za mtu mwingine.

Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Data ya mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Aidha, sauti yenyewe si hakikisho tena. Programu za akili unde zinaweza kuiga sauti ya mtu kwa kutumia rekodi fupi ya maneno yake. Ukipokea ujumbe wa sauti wa ndugu anayeomba fedha kwa dharura, mpigie kwa nambari unayoijua, au umuulize jambo ambalo ni yeye tu angelijua, kabla hujafungua M-Pesa.

MWONGOZO KWA MTUMIAJI

Anayetaka ujumbe wake ueleweke, na usimletee taabu baadaye, na azingatie haya:

Kwanza, anza kwa salamu, jina na mahali. Ujumbe wa sauti unaoanza kwa kusema wewe ni nani, uko wapi na leo ni siku gani utabaki na maana hata ukisambazwa.

Pili, usiwe mrefu. Dakika moja yatosha kwa jambo moja. Ukiwa na mambo matatu, tuma jumbe tatu, ili mpokeaji aweze kurudia lile alitakalo bila kusikiliza yote.

Tatu, mambo ya tarakimu yaandikwe. Nambari ya simu, kiasi cha fedha, saa ya mkutano na jina la dawa husahaulika upesi yakisemwa tu.

Nne, picha ipigwe kwa mwanga wa kutosha, karibu na kitu chenyewe, na pembeni pawekwe kitu cha kuonyesha ukubwa, kama vile sarafu au kidole. Ambatisha sentensi moja inayosema ni nini, wapi na lini.

Tano, omba ruhusa kabla ya kupiga na kutuma picha ya mtu, hasa mgonjwa, mtoto, mfiwa au aliyepatwa na ajali. Jamaa wa marehemu hawastahili kuupata msiba kupitia kundi la simu.

Sita, usisambaze sauti au picha usiyomjua mwenyewe. Muulize aliyekutumia ameipata wapi. Asipojua, basi naye hana zaidi ya ulicho nacho wewe.

Saba, habari nzito, kama vile kifo, kuvunjika kwa uchumba au kufutwa kazi, haifai kuachwa kwenye ujumbe wa sauti. Piga simu, ili anayeambiwa apate nafasi ya kujibu na kuuliza.

Wahenga walisema kuona ni kuamini. Kwa enzi hii ya rununu, anayetumiwa picha hajaona bado, ameonyeshwa. Atakuwa ameona pale atakapojua ni nani aliyemwonyesha, kitu hicho ki wapi, na kilitukia lini. Mtumaji mwaminifu humwambia mambo hayo matatu kabla hajaulizwa.